Merlyn Kurukulasuriya, Mama wa Kambo wa Filamu Kumi na Moja

Marehemu Merlyn Agatha Kurukulasuriya, ambaye watazamaji walimjua kwa jina la Devika Kanthi, alizaliwa Wennappuwa tarehe 9 Machi 1934, mtoto wa pili wa mwalimu wa kwaya. Alisoma kwa masista hadi darasa la nane, akaacha shule baba yake alipofariki.

Mwaka 1953 alivuka bahari kwenda Madras, ambako filamu nyingi za kisiwa chetu zilitengenezwa siku hizo. Alitumaini kuigiza bibi harusi. Mwongozaji alimtazama akasema, "Macho makali haya. Mpeni mama wa kambo." Alikuwa na miaka kumi na tisa.

Aliigiza mama wa kambo katika filamu kumi na moja. Sokoni Negombo muuza samaki mmoja aliwahi kumnyima jodari. "Nenda zako. Yule mtoto ulimlaza nje na mvua ile."

"Mvua yenyewe ilikuwa ya bomba, dada," marehemu alimjibu. "Nipimie ratili moja."

Tarehe 11 Februari 1961 alifunga ndoa na Anselm Tissera, fundi saa, mgane mwenye binti wa miaka sita. Binti huyo ni mimi, Nilanthi.

Sikumrahisishia. Shuleni wenzangu waliniuliza kama ananilisha makombo. Jioni moja nikamwambia, "Wewe si mama yangu. Wewe ni yule wa sinema."

Aliendelea kunichana nywele. "Najua. Geuza kichwa."

Mwaka uliofuata alikataa filamu ya kumi na mbili, na hakurudi tena. Sikumwuliza sababu mpaka nami nilipozaa. Alisema, "Kuchukiwa sinemani na nyumbani kulinichosha. Sinema ndiyo niliyoweza kuiacha."

Mwaka 2009 kiharusi kilimpooza upande wa kulia. Kwa miaka kumi na mmoja nilimwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani. Niseme ukweli mbele yenu: tulichoshana. Kuna siku hatukusemezana mpaka jioni.

Wiki yake ya mwisho hospitalini, muuguzi aliniuliza mimi ni nani wake. Nikasema, "Binti yake wa kambo."

Mama akafumbua macho. Kwa ulimi ule mzito alisema, "Toa hilo la kambo. Nimeliigiza vya kutosha."

Alifariki Jumanne, tarehe 18 Februari 2020, saa nne asubuhi.

Ameacha dada yake Dulcie, binti mmoja, wajukuu wawili na kitukuu.

Pumzika sasa, Mama, kwa amani ya Mungu. Nami nikitoka hapa nakwenda kulala.