Mzee Athanase na Paa la Nyumba Nne

Marehemu Mzee Athanase Wilondja alizaliwa Baraka, Fizi, tarehe 3 Machi 1948. Alisoma Nundu, akawa mwalimu Uvira, na huko, Agosti 1975, akamwoa Mama Orpha. Siku ya ndoa alitetemeka hadi pete ikamponyoka, kanisa zima likacheka. Vita vilipokuja, watu wenye bunduki walivunja mlango wakamkuta ndani. Aliponea chupuchupu, lakini woga ule alihama nao.

Mwaka 2002 familia ilipata nyumba hapa Birmingham, karibu na Ladywood, ya enzi za wale wafalme walioitwa George, iliyobanwa katikati ya wenzake. Wageni walisifu matofali yake na madirisha, marefu chini, madogo kadiri unavyopanda. Mzee alipanda darini, akashuka mbio akimwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Mama Lionel, kule yulu hakuna ukuta! Mutu anaweza toka kwa jirani mpaka kwetu!"

Kweli, paa moja lilifunika nyumba nne, chini yake boriti tupu. Aliomba kujenga ukuta, akajibiwa kwamba nyumba ya kihistoria haiguswi. Basi akajaza milango makomeo, na kila ubao uliolia juu ulimkata maini. Siku moja alipanda na nyundo, akamkuta jirani, Bi Vimla, mzaliwa wa Kisumu.

"Weka hiyo nyundo chini, mzee! Nimekuja kukinga maji, paa inavuja!"

Walicheka wote, ila Mzee usingizi haukumrudia.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2006. Asubuhi ya tarehe 11 Machi 2008, Mama Orpha akiwa sokoni, Mzee alianguka chumba cha juu. Bi Vimla alisikia kishindo ukutani, akaita ambulensi, lakini milango ilikuwa imekomewa kwa ndani. Mama wa watu, na umri ule, akapita darini akitambaa juu ya boriti hadi akamfikia.

Mzee alifariki hospitalini tarehe 13. Mama Orpha alibaki na hofu moja: je, zile nyayo za Bi Vimla juu ya kichwa ndizo zilizommaliza mume wangu? Aliogopa hata kuuliza. Jana aliuliza.

Bi Vimla alilia. "Alinishika mkono, mama. Akasema, usipite tena kule, utaanguka. Nenda ufungue mlango."

Ameacha mjane, Mama Orpha, watoto Lionel na Marlène, wajukuu watano, na jirani yake, Bi Vimla. Mungu amlaze kwa amani, na sisi tuliobaki atutoe hofu.