Sufuria na Magongo

Mwezi wa tisa 2004, mu taxi-bus ya mutaa wetu wa Nyakasanza, radio ya chauffeur ilikuwa inaeleza michezo ya walemavu kule Athènes. Mama Kavira, muuzishaji wa maharagi, akacheka: "Mutu wa muguu moja anashindana mbio? Ile medali ni ya huruma tu."

Jirani yake Rachidi, mwenye magongo, akamugeukia. "Mama, mwaka jana masasi ililia, siye bote tukakimbilia kiwanja ya ndege, kwa basoda ba kulinda amani. Nilikupita pa daraja. Weye ulikuwa umebeba sufuria ya bugali, ingali moto."

"Nilikuwa pia na mutoto ku mugongo!"

"Ndiyo maana kule Athènes kila mutu iko na kategori yake, anashindana na benye kuwa sawa naye. Yako ya sufuria, yangu ya magongo."

Gari nzima ikacheka. Mimi pia ni jirani yabo: siku ile nilifika nyuma ya bote wawili, na sikubeba kitu.

"Turudilie mbio," Kavira akasema, "bila sufuria."

Taxi ikasimama. Rachidi akamufungulia mulango. "Pita mbele, mama. Leo hakuna mutu anatufukuza."

"Basi mbio hiyo haihesabike," akajibu, na akakataa kushuka wa kwanza.