Karatasi Namba 47, na Mlima Aliouchora Asiufikie

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki: mtu tuliyekuja kumsindikiza alizaliwa alfajiri ya Jumanne, tarehe 14 Machi 1950, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa baba seremala na mama mkunga. Katika nyumba yao ya vyumba vitatu, seremala yule alikuwa na desturi ya kuweka alama ya penseli kwenye mwimo wa mlango, kila mwezi wa Machi, kuonyesha kimo cha kila mtoto. Wengine walipimwa wakaenda zao kucheza. Huyu alibaki mlangoni akilinganisha alama, na siku moja akamweleza baba yake kwamba penseli imekuwa butu, hivyo mstari wa mwaka ule ni mnene kiasi cha kumdhulumu mtu. Alikuwa na umri wa miaka sita.

Alianza darasa la kwanza mwezi Januari 1958. Alipokuwa darasa la nne, mwalimu wa jiografia aliwaagiza wanafunzi wachore ramani ya njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni. Marehemu aliandika chini ya ramani yake kwamba njia ina hatua 2,314. Mwalimu hakuamini, akaifuata njia hiyo mwenyewe akihesabu, akapata hatua 1,702. Mtoto alipoitwa mbele kujieleza, alisema, "Miguu yangu ni mifupi, mwalimu." Ramani ile ilibandikwa ukutani hadi mwisho wa mwaka. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1964 na sekondari mwaka 1968, kisha akasomea uchoraji wa ramani chuoni kuanzia 1969 hadi 1971, akatunukiwa cheti cha daraja la kwanza.

Jumatatu, tarehe 3 Januari 1972, aliajiriwa kuwa mchoraji katika ofisi ya ardhi na ramani. Alipewa meza ya mteremko karibu na dirisha la ghorofa ya pili, kiti kirefu kisicho na mgongo, na kalamu za wino za unene wa aina nne. Wenzake walimpa jina la Milimita, na alilipokea kama cheo. Yafaa ieleweke jinsi kazi ilivyogawanywa katika ofisi ile: wapimaji walikwenda nyikani na vyombo vyao, wachoraji walibaki mezani. Mpimaji alirudi na daftari lenye tope. Mchoraji alilifungua, akayageuza mahesabu kuwa mito, njia na vilima. Kwa miaka thelathini na minane, miezi miwili na siku tisa, marehemu aliichora nchi ambayo hakuikanyaga.

Kati ya Machi na Juni 1979 alichora Karatasi Namba 47. Ilihusu safu ya vilima vya mashambani, mbali na barabara kuu, yenye njia ya mguu inayopita juu ya mgongo wa safu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mpimaji aliyetoka huko alisimama nyuma ya kiti chake akitazama mistari ya mwinuko ikikamilika mmoja baada ya mwingine.

"Ukisimama pale juu," mpimaji alisema, "una bonde mkono huu na bonde mkono huu. Na upepo unakuchezea unavyotaka."

"Unatoka upande gani?"

"Milimita, upepo hatuuchori."

"Najua hatuuchori. Nauliza unatoka upande gani."

Mpimaji alicheka, akasema hajapata kuona mtu anayeujua mlima kiasi hicho na ambaye viatu vyake havina hata chembe ya vumbi lake. Marehemu hakucheka. Jioni ile aliomba nakala moja ya Karatasi Namba 47, akaipeleka nyumbani imekunjwa mara nne, akamwambia mkewe kwamba mwaka ujao watakwenda.

Mke huyo aliolewa naye Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977. Alikuwa mshonaji mwenye cherehani moja kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, na marehemu alimpelekea suruali ipunguzwe sentimita mbili na nusu. Siku ya kuichukua alikuja na rula.

"Dada, hapa umepunguza sentimita mbili na milimita nne. Milimita moja imesalia."

"Hiyo nimeyaachia maji, kaka. Ifue kwanza, halafu urudi kunigombeza."

Aliifua, akaipima, akarudi. Hakurudi kugombeza.

Mwaka ujao ulipofika, mtoto wa kwanza alikuwa anaota meno. Uliofuata, baba mkwe aliugua. Kisha wakazaliwa wa pili na wa tatu, zikaja ada za shule, nyumba ikaongezwa chumba, marehemu akapandishwa cheo, na likizo zake zote zikaishia kupaka rangi na kuziba paa. Kila mwezi wa Julai, wakati ambao kwa mahesabu yake njia za vilimani huwa kavu na ngumu, aliifungua ile karatasi mezani, akaitazama, akaikunja kwa mikunjo ileile. Watoto walikua wakidhani Arobaini na Saba ni jina la mahali.

Alistaafu Ijumaa, tarehe 12 Machi 2010. Mwaka 2012 alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mikate, akaliegesha uani na kuanza kuligeuza nyumba. Aliinua paa ili mtu aweze kusimama wima ndani. Akatengeneza kitanda kinachokunjwa kuwa meza, jiko la vichomeo viwili, kabati zenye vitasa visivyofunguka gari likiruka, na nyuma yake fremu ya chuma ya kubebea baiskeli mbili za milimani zenye matairi ya meno. Mkewe alishona mapazia na foronya. Safari ilipangwa iwe ya siku kumi na moja. Gari lingeegeshwa kando ya kijito chini ya vilima, na kila asubuhi wangepanda kwa baiskeli. Siku ya nne ndiyo ya njia ya mgongoni: kilomita kumi na nane, na mpando wa mita mia nne na kumi. Mahali ambapo mistari ya mwinuko imebanana kuliko pengine pote, penye mpando mkali zaidi, aliandika kwa penseli: Hapa tutashuka na kusukuma.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo mpango haukulitaja. Mkewe hakujua kuendesha baiskeli. Mwaka 2016, akiwa na miaka sitini na mmoja, mama huyu alianza kutoka kila asubuhi akisema anakwenda kununua uzi, na kwa wiki sita alikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule jirani kufundishwa na binti yake mkubwa, ambaye ni muuguzi. Alianguka mara nyingi. Marehemu, ambaye hakukosa kuona kitu, aliona kovu kwenye kiwiko na akashangaa uzi wa aina gani unaouma hivyo. Siku mama alipoingia uani juu ya baiskeli, bila kuyumba, marehemu alikuwa ndani ya gari akifunga bawaba. Alitoka, akasimama na bisibisi mkononi.

"Breki ni mkono wa kushoto," alisema.

"Naijua breki, mzee. Na pale ulipoandika tutashuka, mimi sishuki."

"Mpando ule ni mita tisini kwa nusu kilomita, mama."

"Basi utanikuta juu."

Hakulifuta neno lake, lakini tangu siku ile alikuwa mtu wa kuimba chini chini.

Safari iliwekwa Jumatatu, tarehe 2 Julai 2018, saa moja asubuhi. Majirani walikuja kuaga. Marehemu aliwasha gari, akalisogeza taratibu hadi langoni, na pale pakasikika mlio wa bati kugonga zege. Lango la nyumba yake, lenye boriti ya zege juu, lilikuwa na kimo cha mita 2.79. Paa jipya la gari lilikuwa mita 2.75, kipimo alichokihakikisha mara tatu. Lakini siku mbili kabla, mkewe alikuwa ameuliza wataogaje huko, naye kwa furaha akafunga tangi la maji juu ya paa kwa boliti kumi na mbili na gundi ya bati. Tangi lilikuwa na kimo cha sentimita kumi na mbili. Mtu aliyechora wilaya nane bila kusahihishwa alikuwa amejifungia ndani ya ua wake.

Walipunguza upepo wa magurudumu. Zikapatikana sentimita tano, zikakosekana tatu. Kulitoa tangi kungepasua paa. Mwashi wa jirani aliitazama boriti, akamtazama marehemu, akakaza uso asicheke.

"Ijumaa nitakuja na nyundo, mzee wangu. Mlima si utakuwepo?"

"Mlima utakuwepo," alijibu marehemu, naye ndiye aliyetangulia kucheka. Siku tatu yeye na mkewe walikunywa chai ndani ya gari, palepale uani, mapazia yakiwa wazi, wakiwapungia mikono wapita njia. Watoto wanasema hawakupata kuwaona wazazi wao wakiwa na furaha ya namna ile.

Alhamisi, tarehe 5 Julai, marehemu alipatwa na kiharusi kilichouchukua upande wake wa kulia. Mwashi alipofika kesho yake alirudishwa. Baada ya wiki tano hospitalini marehemu aliweza kusema na kutembea kwa fimbo, ila mkono wa kulia haukurudi. Kila mara familia ilipotaka kulivunja lile lango, alikataa: boriti itatolewa siku atakayoliendesha gari yeye mwenyewe. Hivyo ikabaki pale miaka mitano.

Lakini kila siku, saa kumi jioni, mkewe alimsaidia kupanda ngazi mbili za gari, wakaketi mezani na kuitandaza Karatasi Namba 47.

"Leo tuko siku ya ngapi?" mama aliuliza.

"Ya nne."

"Haya, tupande."

Marehemu alikuwa akimpandisha kwa kidole cha mkono wa kushoto, mstari kwa mstari, akimweleza bonde lipi linaonekana upande upi. Wakifika penye maandishi ya penseli waligombana kila mara kwa maneno yaleyale, yeye akisema watashuka, mama akisema hashuki. Kisha walifunga mapazia wakarudi nyumbani, hatua kumi na nne.

Kuanzia Agosti mwaka huu moyo wake ulidhoofika, na mwezi Septemba hakuweza tena kupanda zile ngazi. Jumanne ya wiki iliyopita alimwambia binti yake, "Mwite mwashi." Jumatano, tarehe 18 Oktoba 2023, alilala akisikiliza nyundo kupitia dirishani. Mwashi alipoingia kuaga, vumbi la zege likiwa bado kwenye nyusi, marehemu alimuuliza kimo cha lango sasa ni kiasi gani.

"Halina kimo tena, mzee wangu. Juu ni mbingu tu."

Alikubali kwa kichwa. Kisha akaomba karatasi yake na kifutio. Mkewe aliishika karatasi isiteleze, naye kwa mkono wa kushoto, kwa muda mrefu, akayafuta yale maneno manne ya penseli. Alifariki siku iliyofuata, Alhamisi, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi saba na siku tano.

Ameacha mjane, binti muuguzi, mwana dereva wa lori, binti mwalimu wa hesabu, wajukuu saba, ndugu wawili wa tumbo moja, na wachoraji kumi na wanane aliowafundisha kazi. Gari litaondoka Jumatatu, tarehe 1 Julai 2024, saa moja asubuhi, binti mkubwa akiwa usukani na baiskeli zote mbili zikiwa nyuma. Lango limepimwa na watu wawili. Mjane ameomba iandikwe hapa kwamba siku ya nne, akifika pale palipofutwa, hatashuka.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pa juu penye upepo, na ampe amani.