Detekta ya Mjomba

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, kati ya kibanda cha kinyozi na karakana ya kuchomelea mageti, na aliyelikalia mara tatu huhesabiwa ndugu. Jioni hiyo alikuwepo Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake hauna. Alikuwepo Wembe, kinyozi, ambaye akisikia hoja nzuri huacha kichwa cha mteja nusu. Na kweli mteja wake alikuwa ameketi mlangoni, taulo shingoni, upande mmoja umenyolewa na wa pili bado kichaka. Alikuwepo Buli, muuza kahawa, na birika lake juu ya mkaa. Na katikati yao Cheche, fundi wa kuchomelea, amepakata gunia magotini kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshikie.

Ndani ya gunia mlikuwa na detekta, mashine ya kutafutia dhahabu ardhini. Ilikuwa ya marehemu mjomba wake, na ilikuwa ya zamani hasa: sanduku la bati lenye swichi tatu za kuzungusha, mshale unaotetemeka, mpini mzito wa kuchosha bega, na chini yake sahani ya duara mithili ya mfuniko wa sufuria. Za siku hizi, alivyosikia, zina kioo, zinajipima udongo zenyewe, bado kidogo tu zikuamkie. Hii ilijua kulia, basi. Lakini Cheche alipokuwa mdogo alitembea nyuma ya mjomba milimani akibeba koleo, na tangu siku hizo mlio wa mashine ile haukumtoka masikioni.

Sasa lori la kwenda milimani lilikuwa linaondoka kesho alfajiri. Mkewe, fundi cherehani wa mtaa wa pili, alikwisha kusema neno lake, na huyo akisema hakati rufaa mtu: nionyeshe kwa macho yangu kwamba inaona dhahabu, uende na baraka zangu. Isipoona, irudi uvunguni, na wewe urudi kwenye mageti. Angepita hapo akitoka kazini. Cheche tangu asubuhi alikuwa na furaha ya kijinga, hata geti la mteja alikuwa amelichomelea bawaba upande usio wake.

— Washa, bwana, Wembe akasema. Mpaka tuzeeke?

Akawasha. Sahani haijafika hata chini, mashine ikapiga ng'waaa, wote wakanyanyuka kwa pamoja.

— Hapohapo tulipokaa, Buli akanong'ona. Mimi nilijua. Kahawa ya hapa haipoi upesi. Kuna kitu huko chini kinaipasha moto.

— Debe tupu haliachi kuvuma, Breki akasema kwa uzito. Kinacholia hivi ni kikubwa.

Hakuna aliyemuuliza methali hiyo inakwendaje na debe lenyewe, maana Wembe alikwisha kuchukua koleo. Wakachimba. Kikatoka kizibo cha soda. Wakasogea hatua moja, ng'waaa, wakachimba, ikatoka nusu ya wembe wa kunyolea. Wakasogea tena, ng'waaa, kikatoka kijiti cha kuchomelea, cha Cheche mwenyewe, bado kina nembo yake. Miaka yote hiyo kila mmoja alikuwa akitupa uchafu wa kazi yake hapo, na sasa ardhi ilikuwa inawarudishia kila mtu chake.

Mtu mwingine angekata tamaa. Kijiweni hapo watu hawana tabia hiyo. Breki alieleza kwamba vyuma hivyo ni walinzi tu. Dhahabu, alisema, haikai bila walinzi, yeye amepita njia zote na lori na ameona mengi. Hata ukiitaja jina hushuka chini zaidi, kwa hiyo kuanzia sasa waiite "yule mgeni". Wembe alikubali, akaongeza la kwake: mashine ya zamani ndiyo bora, kwa sababu dhahabu nayo ni ya zamani, wamekua pamoja, wanajuana. Hizi mpya zenye kioo zitamwitaje mtu aliyezaliwa kabla yao?

— Sasa yule mgeni akitoka hapa, Buli akauliza, ni wa nani?

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Wembe akashika ncha ya benchi na kuchora mstari mchangani kwa kisigino: kila mtu na kilicho chini ya makalio yake. Breki, ambaye ni mnene, akaunga mkono mara moja. Buli akalalamika kwamba yeye hukaa kwenye kigoda, si kwenye benchi, je, kigoda hakina haki? Wakampa haki za kigoda pamoja na eneo la jiko. Breki alikwisha kujenga ghorofa kichwani, chini gereji ya lori, juu chumba cha kulitazamia. Cheche alicheka mpaka akashika mbavu, lakini jicho moja lilikuwa kwenye kona ya mtaa. Mkewe angefika wakati wowote, na mashine bado inalilia vizibo.

— Kelele hizi zitatuharibia, akasema. Akija akute inapigia kelele kila takataka, nimekwisha.

Wembe akainama kwenye sanduku. Kulikuwa na swichi ya katikati ambayo maandishi yake yalikuwa yamefutika. Mjomba alikuwa akiiita kichujio, Cheche alikumbuka hivyo tu, ya kuizuia mashine isilie kwa takataka. Wembe akaizungusha kidogo; kijiti kikanyamaza. Akaizungusha tena, nusu ya wembe ikanyamaza. Mkono wake ukanogewa, akaikaza mpaka mwisho wa kukazika, na mashine ikanyamaza kabisa, hata juu ya kizibo.

— Mnaona, akasema. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ikinyamaza namna hii, ujue imeshamwona yule mgeni, inamheshimu.

Walikuwa bado wanaistaajabia heshima hiyo mke wa Cheche alipotokea, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Akamwamkia Breki, akawasalimu mashemeji, akayatazama mashimo.

— Naona mmelima.

— Ni utafiti, shemeji, Wembe akasema.

Akataka kujua utafiti umetoa nini. Buli akamwonyesha mavuno yote juu ya kifuniko cha jiko. Mwanamke akayatazama bila kucheka, na hilo lilimtisha Cheche kuliko kicheko.

— Na dhahabu je? Mmeijaribu juu ya dhahabu?

Walikuwa wamechimba, wamegawana ardhi, wamejenga ghorofa, na swali hilo halikumpitia mtu. Wote wakageuka kulitazama jino la Breki linalong'aa, naye akafumba mdomo kwa mara ya kwanza tangu mchana.

Mkewe hakungoja. Akavua pete yake ya ndoa, akaiweka juu ya vumbi safi, mbali na mashimo, akarudi nyuma. Cheche akapitisha sahani polepole kama alivyofundishwa na mjomba. Mashine kimya. Akapitisha tena, karibu zaidi, mpaka sahani ikagusa pete. Kimya. Breki akaanza, "Kimya kingi..." Wembe akamkanyaga mguu.

— Basi kati ya hivi viwili kimoja kinadanganya, baba watoto, mkewe akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mashine au pete. Ni kipi?

Buli akakoroga mkaa usiohitaji kukorogwa. Cheche alisimama na mpini mkononi. Akaiwaza milima, na mjomba akitembea mbele, na lori la alfajiri. Kisha akaitazama pete pale vumbini. Aliinunua kwa kiangazi kizima cha kuchomelea mageti, kwa sonara aliyemwapia kwa uhai wa wanawe, na siku alipomvika mkewe mikono ilimtetemeka ikabidi bibi harusi aisukume mwenyewe.

Akailaza mashine chini.

— Mashine ni mbovu, akasema. Pete ni dhahabu. Kesho nafungua karakana.

Iliuma kuyasema, na alijua imeuma mpaka usoni. Mkewe alimkazia macho muda mrefu, kope zikamlowa, na kwa ghafla akacheka. Akachuchumaa kando ya sanduku, akalikagua kama anavyokagua cherehani ya mtu iliyoletwa ikiwa imekwama.

— Hii swichi ya katikati, nani kaikaza hivi?

Wembe akawa anatazama mawingu.

— Mimi nikikaza uzi mpaka mwisho, cherehani haishoni kitu. Si ndiyo yaleyale?

Akailegeza, akashika mpini kwa mikono miwili, akapitisha sahani juu ya pete. Ng'waaa! Mtaa mzima ulisikia. Buli akacheza na birika kichwani, Breki akamkumbatia mteja wa nusu kichwa bila kumjua, na Wembe akaapa kwamba alikaza makusudi, ili ukweli ujitokeze wenyewe. Cheche alikaa chini vumbini akacheka kama mtoto, machozi yakimtoka, na hakuona haya.

— Kesho tunakwenda wote, mkewe akasema. Wewe utachimba, mimi nitasikiliza. Ninyi hamwezi kuachiwa swichi.

Wakaifunga mashine kwenye gunia. Walikuwa wamepiga hatua chache tu mteja wa Wembe alipokohoa pale mlangoni. Tangu jioni ianze hakuwa amesema neno.

— Samahani, akasema. Lakini kile kizibo nacho si kililia vilevile?

Wembe akalitazama koleo. Cheche aliyasikia, akajua mkewe naye ameyasikia, kwa sababu hatua yake ilisita kidogo. Kisha mwanamke akaisukuma pete kidoleni mpaka ikakaa pake, akamshika mumewe mkono.

— Lori linaondoka saa ngapi?

Nyuma yao Buli akapindua birika, akalitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.