Choo cha Umma cha Matisi

Basi la Bungoma lilikuwa bado halijatoka Kitale nilipomwona Wakoli, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa mipango miji, amepakata mtaa mzima wa Matisi aliouunda kwa kadibodi. Kesho wahadhiri wake wangeukagua. Mama Rahab, aliyeketi kando yake, akauinamia kwa macho ya mwenye ploti.

“Hii ya mabati nyekundu ni nyumba yangu. Na haka kasanduku kwa geti yangu?” “Ni choo ya umma, mama. Tumeambiwa tushirikishe wananchi.” “Haya, nishirikishe. Peleka kwa jirani yangu Ndirangu.” Wakoli akaeleza kwamba bomba la maji taka halifiki kwa Ndirangu. “Pesa ya maendeleo ya CDF ikitoka, itafika. Ndirangu atangoja tu.” “Mama, usiguse bana, gundi haijakauka!” “Kama haijakauka, si bado tunaongea?” Akakibandua kwa ukucha, akakipachika kwa Ndirangu. Nimehudhuria mabaraza mengi ya chifu; hakuna lililoamua jambo haraka hivyo.

Basi likasimama Kiminini. Mama Rahab akashuka akifuta kidole kwa leso, akamtakia kijana mtihani mwema. Wakoli akashika choo akirudishe. Gundi ilikuwa imekauka.