Oliva wa Vyombo vya Mzazi

Baba Paroko, wazee wetu wa Mkula mliotupa binti miaka minane iliyopita na leo mmekuja kumzika, majirani wa Lipangalala, na ninyi akina mama mliojaa uwanja huu mpaka barabarani, Tumsifu Yesu Kristo. Naitwa Balbina, dada mkubwa wa Beatus, mume wa marehemu, kwa hiyo marehemu ni wifi yangu, na kikao cha familia kilichokaa jana kimenipa mimi kazi ya kuwasomea historia yake, ingawa wanaonifahamu naona wameshaanza kutazamana. Mdogo wangu Beatus amenikabidhi karatasi yenye tarehe, akaniomba niisome kama ilivyo, nami nimemwahidi kwamba sitapunguza tarehe hata moja, ila sikumwahidi kwamba sitaongeza neno, kwa sababu hakuna amjuaye mtu vizuri kama yule anayemwonea wivu, na mimi nilimwonea Oliva wivu tangu mwaka 1993 hadi leo asubuhi nilipouona umati huu.

Marehemu Oliva Wendelin alizaliwa tarehe 3 Februari 1968 katika kijiji cha Mkula, kando ya barabara ya Kidatu kuja Ifakara, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Wendelin na mkewe, wakulima wa mpunga ambao wazazi wao walishuka bondeni kutoka upande wa Mahenge, na alibatizwa Pasaka ya mwaka huohuo. Watoto wa kando ya barabara hujifunza kuuza kabla ya kujifunza kusoma, na Oliva naye alibeba sinia la ndizi mbivu akiwa bado mdogo, lakini wakwe zetu wa Mkula wananiambia kwamba wenzake walipokuwa wakikimbilia madirisha ya basi yeye alisimama mahali pamoja, akasubiri, na basi likaja kusimama mbele yake. Mimi habari hiyo naiamini kabisa, kwa sababu maisha yake yote Oliva hakumfuata mteja, wateja ndio waliomfuata yeye, wakanipita mimi.

Alisoma Shule ya Msingi Mkula kuanzia mwaka 1976 hadi alipomaliza darasa la saba mwaka 1982, na mwaka 1983 na 1984 alijifunza ushonaji na upishi kwa masista, kisha akarudi nyumbani kuwasaidia wazazi wake shambani na katika biashara ndogo ya barabarani. Hapo ndipo alipokutana na Beatus, aliyekuwa utingo wa lori la mpunga na baadaye dereva, ambaye kila safari alilazimika kusimama Mkula ili kupoza injini, na injini hiyo, ndugu zangu, haikuwahi kuchemka mahali pengine popote. Walifunga ndoa takatifu hapa Ifakara siku ya Jumamosi tarehe 27 Julai 1991, wakahamia nyumba hii ya Lipangalala, ambayo kati yake na yangu upo ua wa matete tu.

Nilimpokea vizuri, na hilo naomba liandikwe pia, kwa kuwa alikuwa binti mpole mwenye heshima, ambaye hakuwahi kuongea nami bila kuanza na shikamoo, hata asubuhi zile alizokuwa ameshanichukulia wateja. Nilimweka kwenye banda langu la vyombo pale sokoni, nikamfundisha kupanga sufuria, mabeseni na sahani za bati, nikamfundisha kugonga sufuria kwa kidole ili mnunuzi asikie uzito wake, na alinifanyia kazi kwa uaminifu mpaka Desemba mwaka 1992, akiwa na mimba ya kwanza, miguu ilipomvimba na muuguzi wa kliniki akamwambia atulie nyumbani. Mwezi huohuo mama mmoja mfanyabiashara alishuka na treni kutoka Dar es Salaam akiwa na vyombo vya plastiki vyenye mifuniko ya kubana, akavileta kwanza mezani kwangu, mnasikia, kwangu kwanza, nami nikamwambia kwamba watu wa Ifakara wanajua bati na plastiki ni ya watoto kuchezea. Oliva akaniomba ruhusa avichukue yeye, auze akiwa amekaa nyumbani, nikamruhusu huku nikicheka, na kicheko hicho kimenigharimu miaka saba.

Tarehe 9 Machi 1993 alijifungua mtoto wake wa kwanza, Wiliam, na kama mila yetu ilivyo akaingia ndani, asipike, asichote maji, asikanyage sokoni, mpaka mtoto atolewe nje. Akina mama mnajua kwamba mzazi aliye ndani hapitwi mlangoni, ukipita bila kuingia kumwona mtoto utaambiwa una roho mbaya, kwa hiyo kila siku waliingia wanawake wa Lipangalala na mitaa ya jirani, huyu na kuni, huyu na ndoo ya maji, huyu na unga wa uji, wakakaa mkekani, wakamshika mtoto, na walipoinua macho wakaviona vyombo vimepangwa ukutani. Oliva hakumwambia mtu anunue. Alijaza uji kwenye chombo, akabana mfuniko, akakigeuza chini juu kwenye shuka lake mwenyewe la uzazi, mbele ya macho ya wote, kisha akaendelea kunyonyesha kana kwamba hakuna kilichotokea, na shuka likabaki kavu.

Wakaanza kuviita vyombo vya mzazi, na mwanamke aliyekuja kumwona mtoto siku ya Jumatatu alirudi siku ya Alhamisi na shemeji zake, eti nao hawajamwona. Mama Merina, mke wa Ngusa, ambaye familia yake ilikuwa imehamia bondeni na ng'ombe kutoka Usukumani, na ambaye tulikuwa tukisalimiana naye kwa mbali tu, alikuja na maziwa ya mgando yake mwenyewe ili akijaribu chombo, akakigeuza, akakitikisa, akakikalia, na alipoona hakuna hata tone lililotoka akawaleta wanawake wa kwao wote. Mimi nilikuwa sokoni nikifukuza vumbi kwenye sufuria zangu kwa kanga, na jioni nikirudi nilisikia vicheko vyao juu ya ua, na wivu ukanishika.

Sasa, kwa mila yetu, shangazi wa mtoto ndiye mwenye neno la lini mtoto atolewe nje, na shangazi ni mimi, nikaona kwamba mzazi akishatoka ndani wageni watakwisha na vyombo vyake vitakwisha nguvu, basi nikatangaza kwenye jumuiya kwamba Wiliam atatolewa mapema, kwa kuwa ana afya nzuri na kitovu kimepona. Hapo nilijikaanga kwa mafuta yangu, kwa sababu tangazo lile liliwafikia hata wale ambao hawakuwa na habari kwamba Oliva amezaa, na siku ya kumtoa mtoto walijaa kama mlivyojaa leo. Nilipika wali na kuku kwa mikono yangu, na Oliva kwa upole wake akaniambia wifi umechoka, tuweke chakula humu kisipoe, watu wakala kwenye vyombo vyake, wakaona wali bado una mvuke, na kabla jua halijazama hakikubaki chombo hata kimoja. Na kwa kuwa shangazi aliyemtoa mtoto lazima apewe asante, wageni walichanga, wakaninunulia zawadi, nayo ikawa chombo kikubwa kuliko vyote, chenye mfuniko wa bluu, kilichonunuliwa kwa Oliva. Ninacho mpaka leo.

Tangu hapo nyumba hii haikupumzika, kila Alhamisi na kila Jumapili baada ya misa palikuwa na mkutano wa vyombo, hapa au kwa mama mwingine aliyejifungua, maana Oliva aliweka utaratibu kwamba mzazi yeyote akiwa ndani anaweza kupangiwa vyombo ukutani kwake na kupata sehemu yake ya faida, na wanawake wengi walioko hapa walilea watoto wao wachanga bila kumwomba mume pesa ya sabuni. Mvua kubwa za mwishoni mwa 1997 zilipoendelea mpaka mwaka uliofuata, maji yakaingia Lipangalala, sufuria zangu zilizama kwenye tope, vyombo vyake vikaelea na unga ukiwa mkavu ndani, na hilo nalo likawa tangazo la biashara.

Mungu aliwajalia watoto watatu, yaani Wiliam niliyemtaja, Eveline aliyezaliwa tarehe 17 Oktoba 1996, na Marcelino aliyezaliwa tarehe 21 Juni mwaka huu. Hapa ndipo nilipokuwa na changu, na sikukificha, kwa sababu siku za mikutano watoto hawa waliletwa bandani kwangu, Wiliam alijifunza kutembea akijishikiza kwenye masufuria yangu, na mwaka 1995 alipolazwa kwa malaria alimsukuma mama yake akanililia mimi. Habari hiyo niliisimulia kisimani, niliisimulia kanisani, niliisimulia hata mbele ya Oliva mwenyewe, naye alicheka tu, akasema ni kweli wifi, mwanao huyo, kisha akarudi kwa wateja wake, nami nikaudhika kwamba hata hilo halikumuuma.

Katika ujauzito wa Marcelino miguu ilimvimba tena, safari hii na pumzi ikawa fupi, lakini mikutano haikusimama, aliiendesha akiwa ameegemea mito kwenye godoro, na baada ya kujifungua hali haikurudi. Tarehe 12 Agosti 1999 alilazwa hospitali hapa Ifakara, madaktari wakatuambia kwamba moyo wake umetanuka, na kwa muda wote huo mimi nilifunga banda mapema, nikamuuguza, nikamwogesha kama nilivyomwogesha alipokuwa mzazi wa Wiliam. Siku ya Jumatano, mkesha wa kifo chake, aliniomba nisogee karibu, na maneno haya hayamo kwenye karatasi ya Beatus, hata yeye anayasikia leo.

Alisema, "Shikamoo, wifi. Mimi nimekuonea wivu tangu Wiliam alipokuwa mchanga. Wewe jioni unafunga banda, na watu wanajua umefunga. Kwangu hakuna aliyewahi kukuta pamefungwa, watoto wangu wote nimewanyonyesha mbele ya wateja, na wakiumwa wanakulilia wewe."

Ndugu waombolezaji, mimi nilimwambia alale. Nilitoka nje ya wodi nikiwa na hasira, nasema kweli, hasira, kwa sababu nilidhani angalau katika jambo la wivu hakuna wa kunishinda Lipangalala nzima, kumbe wangu niliutandaza sokoni kila mtu auone, na wake aliubana chini ya mfuniko, ukageuzwa na kutikiswa miaka yote hiyo, na halikutoka hata tone. Nikakumbuka kila mara niliyosimulia habari ya Wiliam, na kila mara aliyocheka. Oliva alifariki dunia asubuhi iliyofuata, Alhamisi tarehe 16 Septemba 1999, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja, na ameacha mume, watoto watatu, wazazi wake wote wawili, ndugu watano, na wifi mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, Baba Paroko kwa kumpaka mafuta matakatifu, uongozi wa mtaa, madereva wenzake Beatus waliotuletea wazee wetu kutoka Mkula, na wafanyabiashara wenzangu wa sokoni ambao leo wamefunga mabanda yao. Kwa namna ya pekee tunawashukuru akina mama, mzazi mmoja mmoja, mlioleta chakula cha msiba huu, na nimepita jikoni nikaona vyombo vilivyojipanga pale, wali, maharage, maziwa ya mgando, vyote vina mifuniko ya kubana, sikuona bati hata moja, na nimesimama pale nikajiuliza mimi nikifa nani atakuja na sufuria yangu. Mama Merina, wewe nakushukuru kwa kumbeba Marcelino tangu asubuhi, lakini tukimaliza hapa naomba unirudishie, maana amekuzoea haraka mno na mimi sijapenda.

Wifi yangu Oliva, shughuli za leo hukuziandaa wewe, hata hivyo watu wamekufuata kama kawaida, na najua ungetaka kuinuka uwakaribishe mkekani. Usiinuke. Wageni wako nitawapokea mimi, watoto wako wakilia nitawaitikia kwa jina lako, na jioni ikifika nitatoka nifunge mlango huu kwa mkono wangu, watu wajue kwamba Oliva amefunga. Lala sasa, mama, pumzika kwa amani.