Siku Waliyomfagia Chatu wa Zamani

Benchi la mlango B lina mbao tatu na ya katikati imepasuka, kwa hiyo wanaume wa hapo hukaa wima kama watu wanaosubiri kuitwa kwa daktari. Upande mmoja kuna mashine ya kahawa ya mtaani, inayomeza sarafu na kutema kikombe cha karatasi kisichojaa kiganja. Upande wa pili ni mlango wa jengo, umebandikwa matangazo ya marehemu toka juu hadi kwenye kitasa, na lililo jipya zaidi ni la Lyuben, pichani kavaa tai, la kutimiza nusu mwaka tangu atutoke. Ilikuwa Jumamosi ya Oktoba, mji mzima wa Ruse unanuka pilipili za kuchoma, kila baraza na chungu chake cha umeme. Ghorofa ya kwanza dirisha la sebule ya marehemu lilikuwa wazi, ila feni ya kompyuta yake haikusikika. Wazee watatu waliokuwa benchini walikwisha kugundua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Zahari alishuka ngazi polepole, miwani kaining'iniza kifuani. Pale kijiweni anaitwa Bisibisi, kwa sababu hakuna kitu kizima ambacho hajawahi kukifungua.

— Nimeua, alisema.

— Umemuua nani tena? aliuliza Parush, dereva mstaafu wa basi la umeme, ambaye wote humwita Breki.

— Mashine ya Lyuben.

— Ah! Nilidhani mtu.

— Afadhali ingekuwa mtu, Breki. Mtu huwa anazikwa, yakaisha.

Asiyeijua mashine ile aelezwe kidogo. Kompyuta za watu wengine huletewa programu zilizokwisha kuiva. Ya Lyuben haikula kiporo cha mtu. Ilipokea programu mbichi, maandishi matupu jinsi yalivyotoka mikononi mwa walioyaandika, ikazipika yenyewe pale sebuleni, moja baada ya nyingine, na mapishi hayo yaliweza kula mchana mzima. Programu inayosimamia mapishi waliiita Jiko. Jiko nalo liliandikwa kwa lugha ya programu ambayo pale benchini iliitwa Chatu. Kila mwaka Chatu mpya hutoka, na watu wa ugonjwa huu hawawezi kusikia kuna Chatu mpya wakakaa kimya.

— Hebu tueleze vizuri, alisema Gencho, aliyezeekea kwenye mitambo ya simu na ndiyo maana akapewa jina la Waya. Ulianza wapi?

— Nilimwingiza Chatu mpya. Akaingia vizuri, hata hakukohoa. Nikaona wako wawili, mpya na wa zamani, nikasema huu uchafu wa nini. Nikatoa amri ya kufagia.

— Ukamfagia wa zamani.

— Nikamfagia.

— Na Jiko ulikwisha kulipika upya limfuate huyu mpya?

Zahari aliingiza sarafu kwenye mashine ya kahawa, akasubiri kikombe kidondoke, akakiangalia kikijaa.

— Toba! alisema Waya. Jiko lilikuwa bado linamtegemea wa zamani!

— Ndiyo, kaka. Sasa Jiko haliwaki mpaka Chatu wake arudi. Na Chatu wake harudi mpaka Jiko liwake.

Breki alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake anayecheka, akajifanya anatema ganda la mbegu ya alizeti.

— Umesoma? aliuliza wa nne wao, Milko, mwalimu wa zamani wa chuo cha ufundi. Hilo ndilo swali lake kwa kila balaa, na ndilo jina lake kijiweni.

— Nimesoma nini?

— Taarifa. Kabla ya Chatu kubadilishwa, Jiko huandika kabisa: kuna taarifa hujazisoma. Kwa maandishi mekundu, bwana! Umesoma?

— Niliona mekundu.

— Sijakuuliza rangi. Nimeuliza umesoma?

— Umesoma, niache. Nina hali mbaya.

Na kweli alikuwa na hali mbaya. Jiko lenyewe lisingemnyima mtu usingizi. Mke wa Lyuben, Raina, kisukari kilimpofusha macho yote mawili miaka mingi iliyopita, na mashine ile ndiyo iliyokuwa ikimsomea: gazeti, riwaya, karatasi za ndani ya maboksi ya dawa, barua za dada yake aliyehamia Hispania. Lyuben aliiandika programu ya kazi hiyo mwenyewe, kwa Chatu wa zamani, na sauti akaifunza kutamka maneno kama yanavyotamkwa kijijini kwao Raina, kwa ule ulaini ambao watangazaji wa redio hawana. Asubuhi ile ilimsomea nusu ya gazeti. Kisha Zahari alipanda na mikono yake.

— Huo ni umeme, alisema Waya, akikata shauri. Mwezi huu watu wote wanachoma pilipili. Volti za jengo zinashuka mpaka taa zinaona haya. Mashine imepika Chatu kwa moto mdogo, katoka mbichi.

— Acha zako, Waya, alisema Zahari. Chatu mpya ni mzima. Kosa ni kumfagia mwenzake.

— Na wewe ulifagia kwa nini? Kwa sababu skrini ilikuonyesha uongo. Na skrini ilikuonyesha uongo kwa nini? Volti! Mimi nimekaa na mitambo maisha yangu yote. Pilipili moja haina neno, lakini baraza sitini?

— Haya, basi Jumatatu tukaikamate pilipili, alisema Umesoma. Ninyi hamjui Lyuben alivyokuwa akipika. Kila programu aliiwekea masharti yake: hii usitie sauti, ile usitie picha, hii ibane iende mbio. Masharti ya miaka kumi na kitu, mengine yanapingana. Chatu mpya kafika, kakuta sheria za nyumba, hajui amtii nani.

— Mimi nawaambieni kitu, mtanicheka, alisema Breki.

— Tutakucheka, ndiyo. Sema.

— Wale wanaotoa matoleo mapya wana orodha yao. Mtu anakaa mezani anauliza: huyu wa zamani nani bado anamtumia? Anaambiwa, kuna mmoja Ruse, Lyuben. Anauliza: yu hai? Hayupo. Basi mfungieni.

— Nani kampa taarifa?

— Tangazo si liko hapo mlangoni! Mtu anapita anapiga picha, imekwisha.

Waya alitikisa kichwa, ila safari hii hakubisha. Wote wanne waliliangalia tangazo, na jioni ikawa nzito kidogo.

— Niseme langu? alisema Umesoma kwa sauti ya chini. Na nisieleweke vibaya. Lyuben hakuwa mtu wa kuacha kitu chake kichezewe. Nusu mwaka kamili imetimia wiki hii. Mimi naona aliandika humo ndani mwenyewe: nikiondoka, baada ya muda fulani, jifunge.

— Koma! Zahari alisimama, kahawa ikammwagikia vidoleni. Koma hapo hapo, Milko. Lyuben angemfanyia Raina hivyo? Mtu aliyekesha akiifunza mashine kutamka jina la shamba la baba mkwe wake? Mimi ndiye nilifanya. Kwa mkono huu. Msimsingizie marehemu ili mimi nilale.

Ni mara chache sana Umesoma huitwa kwa jina lake, na alinywea.

— Samahani, kaka. Nilikuwa natafuta tu.

— Tafuta dawa basi.

— Dawa ya Jiko ninayo. Nyumbani nina kidude cha kuchomeka, kina mfumo mzima uliokwisha kuiva. Tunaiamsha mashine kwa hicho, tunamchukua Chatu aliyeiva tunampachika, Jiko linawaka. Kesho tu, hata kabla ya chakula cha mchana.

— Na sauti?

Umesoma alikuna kidevu.

— Sauti ni neno jingine. Chatu mpya hasomi kazi ya Lyuben. Nilimwambia marehemu aiandike upya, akasema mwakani. Ya kale inamtaka Chatu wa zamani, na huyo kwenye rafu za leo hayupo tena. Tukimpata makumbushoni, atadai na wenzake wa enzi hizo, na kila mwenzake atadai mwingine. Halafu kuna viraka vya Lyuben mwenyewe, ambavyo hakuna kati yetu anayevielewa.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo sijui, Bisibisi. Labda miezi. Labda basi.

Hapo hata Breki aliacha mbegu zake. Zahari alikaa tena, na moyo ulimuuma waziwazi, maumivu ya mtu mzima asiyekuwa na wa kumlalamikia. Alilijua lile ambalo wenzake nao walilijua na hawakulitamka. Enzi za Lyuben, kila Jumamosi baada ya chakula aliwasha mapishi, akaacha dirisha wazi ili asikie feni, akashuka kungoja. Wenzake wakashuka kumngojea naye. Kijiwe kile kilizaliwa na ule ungojaji, feni juu na kahawa chini, mpaka Lyuben apande akarudi kusema imeiva. Alipozikwa, benchi lilikaa tupu Jumamosi nyingi. Mtu alishuka, akakuta kimya dirishani, akajifanya amekuja kutupa takataka. Ni Zahari aliyekwenda kumwomba Raina aruhusiwe kuiangalia mashine, eti isije ikachakaa. Wiki ile feni ilipoanza kuvuma, Waya alishuka hata kabla ya kuvaa viatu vizuri. Tangu hapo kila Jumamosi kulitafutwa kitu cha kupika, na vitu vidogo vilipokwisha, kikabaki kikubwa, Chatu mwenyewe.

Mlango B ulifunguliwa. Raina alitoka na fimbo yake nyeupe, koti la marehemu mabegani, mkono mmoja ukipapasa matangazo ya mlangoni mpaka akaufikia ukuta. Haikuwa kawaida yake kushuka bila mtu. Wanaume wote wanne walisimama.

— Shikamoo zenu nyingi bakini nazo, alisema kabla hawajafungua kinywa. Zahari yupo?

— Nipo, shemeji.

— Sauti imenyamaza. Nimebonyeza pale unaponiambia nibonyeze. Imenyamaza.

— Ni mimi, shemeji. Nimeiharibu. Nilibadilisha kitu na sikufuata utaratibu. Milko atajaribu, nami nitajaribu. Lakini siwezi kukudanganya, huenda isirudi.

Uso wa Raina haukuonyesha hasira, na Zahari angeona afadhali hasira.

— Ilikuwa inaumwa?

— Nani, shemeji?

— Mashine. Mimi sikusikia ubaya wowote. Asubuhi imenisomea vizuri tu. Ilikuwa na tatizo ambalo mlinificha?

— Hapana, alisema Zahari. Ilikuwa nzima.

— Na Jumamosi iliyopita?

— Nzima.

— Na ile ya kabla?

Waya alianza kusema neno kuhusu volti, akalimeza. Breki alitazama viatu vyake. Raina aliigusa ncha ya benchi kwa fimbo, akapapasa ubao kwa kiganja, akakaa mwenyewe pale upande wa mlango, mahali pa Lyuben, ambapo tangu mwezi wa nne hakuna aliyethubutu kukaa.

— Mimi nipo juu hapo dirishani, alisema. Nawasikia. Tangu mlipoanza tena nawasikia kila wiki, na nilifurahi, Mungu ni shahidi. Ila kuna kitu sikielewi, na ninyi watu wa akili mniambie.

— Sema, shemeji, alisema Zahari.

— Kama mlitaka kukaa, si mngekaa tu?